Fito, Udongo na Ramani: Kazi ya Ujenzi Tarime na Serengeti

Nyumba ya zamani ya Mkurya wa kaskazini mwa Tanzania haikuwa na msanifu mmoja. Kazi ambayo leo hukabidhiwa mtu mwenye cheti iligawanywa kwa mikono mingi. Mwenye mji alichagua mahali na kuamua zizi likae wapi. Wanaume walikata nguzo, wakafunga fito na kuezeka nyasi. Wanawake walikandika kuta, kisha wakazisiriba kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Hakuna aliyechora kitu, ila kila mmoja alijua jengo lingekuwaje litakapokwisha.

Mpango wa mji ulianzia kwa ng'ombe. Zizi lilikaa katikati, nyumba za wake zikalizunguka, na nje ya yote ukapita uzio. Katika nchi ya wizi wa mifugo mpangilio huo ulikuwa ulinzi kabla ya kuwa sura: mwizi alilazimika kupita katikati ya watu waliolala.

Lakini mpangilio ulibeba pia sheria. Neno inyumba kwa Kikurya lina maana ya jengo, na pia ya mama pamoja na watoto wake, wenye ng'ombe wao na urithi wao. Aliyesimamisha nyumba mpya alikuwa anafungua tawi la ukoo. Ndiyo sababu mila ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hulipa mahari na kuoa msichana ili amzalie, imebeba jina la nyumba: kisichotakiwa kufa ni nyumba ya yule mama, hata kama kuta zake zimekwisha kuliwa na mchwa. Mchoro wa leo, hata uwe mzuri namna gani, hauonyeshi jambo la namna hiyo.

Kutenga usanii na ufundi katika kazi hii ni kujisumbua bure. Neno lenyewe sanaa limetoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya kazi ya mikono. Ni Kiswahili kilicholivuta kuelekea kwenye urembo. Ukuta uliosiribwa vizuri ulipendeza kwa sababu ileile iliyoufanya udumu: haukuwa na ufa wa kupitisha maji wala wadudu.

Huko Ngoreme, ambako sasa ni Wilaya ya Serengeti, mawe yalichukua nafasi ya miti. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, uvamizi wa Wamasai ulipozidi, watu walijikusanya vilimani ndani ya maboma yenye kuta za mawe. Ujuzi wa kupanga mawe bila chokaa wala saruji ulikuwa wa kale katika ukanda huu wa ziwa. Thimlich Ohinga, ng'ambo ya mpaka katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, inakadiriwa kuwa ya karne ya 16, na mwaka 2018 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukuta wake una nyuso mbili za mawe, na katikati umeshindiliwa mawe madogo yanayozishika. Hesabu ya uzito wa mawe hayo ilikaa kichwani na viganjani mwa wajenzi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga ngome ya mawe kilimani Ikoma, Serengeti. Mawe yalikuwa ya palepale, lakini sura ya jengo ilitoka mbali na ililenga kuitawala nchi iliyoizunguka. Aliyepanga na atakayeishi chini ya mpango hawakuwa tena watu wa mji mmoja. Baada ya uhuru ngome hiyo iligeuzwa kwa muda kuwa hoteli ya watalii.

Mtengano huo wa mpangaji na mkazi ulirudi kwa sura nyingine Novemba 1973, Rais Nyerere alipotangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi ikamilike kabla ya mwisho wa 1976. Viwanja vilipimwa kwa mistari kando ya barabara. Mji wa duara wenye zizi katikati haukai kwenye mstari.

Siku hizi Tarime na Mugumu, mji wa Serengeti, hujengwa kwa tofali za kuchoma na bati. Sheria ya 2010, iliyochukua nafasi ya ile ya 1997, inataka wabunifu majengo wasajiliwe na bodi yao, na halmashauri hudai michoro kabla ya kutoa kibali. Hata hivyo nyumba nyingi za vijijini ni za fundi tu, mwenye timazi, pima maji na ramani aliyoizoea, ambayo huibadilisha msingi ukiwa umeshachimbwa, mwenye nyumba akitaka chumba kiongezeke.

Nyasi nazo zimehama. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa 1951, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakatangazwa 1994, hivyo fito na nyasi za sehemu hizo hazikatwi ovyo. Bati haliungui kama nyasi, na hukinga maji ya mvua. Paa la nyasi lililoezekwa vizuri leo huonekana zaidi kwenye hoteli za watalii kandokando ya hifadhi, likiwa limechorwa na msanifu aliyesajiliwa.