Goti Linalotetemeka

Goti la kushoto lilianza kutetemeka saa tano usiku, roboti ikiwa haijapiga hata hatua moja. Servo 17, akiba ya miezi minne, yangu na ya binamu yangu, na moja tayari tulikuwa tumeiunguza. Binamu akaitazama, akauliza, "Ama inaogopa?"

Nilicheka, lakini kutetemeka huko kuna umri mkubwa kuliko roboti yenyewe.

Servo ilianzia melini. Mwaka 1873 Léon Farcot, mhandisi Mfaransa, alichapisha kitabu kuhusu mashine yake ya mvuke ya kugeuza usukani wa meli. Aliiita servo-moteur, kutokana na neno la Kilatini la mtumwa. (Neno roboti nalo limetoka kwa Kicheki, kazi ya shuruti, kupitia tamthilia ya Karel Čapek ya 1920. Yaani mezani tulikuwa na mtumwa aliyebebwa na watumwa 17. Tuendelee.) Nahodha anasogeza mkono kidogo tu, mvuke unausukuma usukani mzito hadi ufike pale mkono ulipo, kisha unaacha.

Ndani ya servo yetu mambo ni yale yale: mota ndogo, gia, na kipimo kinachoiambia sakiti shafti imegeuka kiasi gani. Amri huja kama mpigo wa umeme. Mpigo wa milisekunde 1.5 maana yake kaa katikati. Ukirefuka inageukia huku, ukifupika kule. Sakiti inalinganisha ilipotumwa na ilipo, inasahihisha. Ikipitiliza inarudi, ikirudi inapitiliza tena. James Clerk Maxwell aliandika hesabu ya balaa kama hilo mwaka 1868, akichunguza vidhibiti mwendo vya injini. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky akaja na jibu ninalolipenda zaidi, kwa sababu alilipata kwa kuwatazama mabaharia usukanini. Baharia mzoefu haangalii kosa la sasa tu. Anakumbuka meli imekuwa ikipotoka vipi, na anahisi inapotoka kwa kasi gani.

Kufikia 2004, KHR-1 ya kampuni ya Kondo, Japani, ilikuwa imeleta hesabu hizo nyumbani kwa watu: roboti ya kujiundia, servo 17 kama yetu.

Manze, Minorsky hakutuokoa usiku huo. Tulichomoa servo zote tukaacha goti peke yake. Likatulia. Tukarudisha tano, likaanza tena. Kumbe shida ilikuwa stima: servo kama hizi, moja ikikwama, inaweza kuvuta ampea 2.5, na adapta yetu nzima ilikuwa ya ampea 2. Tukatoa umeme kwenye betri kubwa, tukaunganisha nyaya zote za hasi pamoja na ile ya bodi.

Kutetemeka kukaisha, lakini goti likabaki limejikunja. Hilo lilikuwa kosa langu. Nilikuwa nimefunga kile kipande cha juu ya shafti kabla ya kuituma servo katikati. Shafti ina meno 25. Ukikosea jino moja umepoteza digrii 14.4, na hakuna programu nitakayoiamini kuficha hilo. Tukafungua, tukatuma 1.5, tukafunga upya.

Ikasimama. Binamu akaigusa bega kwa kidole kimoja, ikayumba, ikarudi wima.

Saa nane kasorobo tukafungua goti la kulia.