Kipindupindu Kilipobisha Hodi Nyanza

Sisi wa Kibuye tukisikia kipindupindu tunafikiria soko kwanza: maji ya mitungi, mboga zimepangwa chini, watu kutoka kila upande wa ziwa. Lakini kisa chenyewe kina miaka mingi, na sisi vijana wengi hatukijui.

Kenya ilipatwa mwaka 1971. Mwaka huohuo huko Bangaon, India, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walikuwa wanakufa ovyo. Daktari Dilip Mahalanabis akaishiwa na maji ya dripu. Akachanganya chumvi na glukosi ndani ya maji, akawaachia jamaa wawanyweshe wagonjwa wao. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kati ya wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Kumbe si lazima uwe daktari. Nyumbani ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. (Na hata kama ni Ramadhan, mgonjwa anywe jamani! Funga atailipa akipona inshallah.)

Kwetu mtihani mkubwa ulikuja kati ya Juni 1997 na Machi 1998. Hospitali za Nyanza zililaza wagonjwa 14,275 na watu 547 wakafa. Waliochunguza waliona hatari iko kwa waliokunywa maji ya ziwa, waliokula pamoja na mtu anayeharisha, na waliohudhuria karamu za matanga. Hapo kwa matanga ndipo pagumu. Utamwambiaje mtu asile msibani? Mgeni akisema ni matusi. Jirani aliyeshika jembe kuchimba kaburi pengine atasikizwa.

Halafu mwanzo wa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, ugonjwa ukarudi magharibi mwa Kenya. Hospitali hazikuwa na wafanyakazi wala vifaa vya kutosha. Ripoti zilizofika zilionyesha vifo 5.5 kati ya wagonjwa 100. Watafiti walipotoka kuwatafuta wagonjwa wenyewe badala ya kungoja ripoti, idadi ya waliokufa ikawa mara tatu, na kiwango kikapanda hadi 11.4. Yaani katika kila maiti watatu, wawili hawakuwa kwenye daftari! Tena wakaona waliokuwa wamefundishwa na wahudumu wa afya kuhusu kipindupindu hawakufa sana kama wasiofundishwa.

Mpango wa serikali wa afya ya jamii ulikuwa umeanza 2006, ukiwategemea watu wa kujitolea, wengi bila hata senti. Mimi naona tuliwatumia vibaya. Mpaka Septemba 2023 ndipo wahudumu 100,000 wa nchi nzima walizinduliwa na kupewa mikoba ya vifaa pamoja na marupurupu kidogo. Kila mmoja anapewa takriban nyumba 100. Nyumba 100 unaweza kuzizunguka kwa miguu, ukajua nani anaharisha tangu jana na nani ameficha mgonjwa ndani.