Chakula cha Mchana Uwanjani: Habari za Ufipa

Mwezi mmoja wa Juni, jua lilipokuwa utosini, sisi na rafiki yetu, mzaliwa wa Ufipa, tuliketi juu ya benchi la mbao nje ya kibanda cha mama ntilie, karibu na soko la Sumbawanga. Ndani palikuwa na nafasi, lakini tulipenda jua, maana mji ule uko juu, kimo cha mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na upepo wa mwezi huo humfanya mtu avae koti hata mchana. Tukaletewa ugali wa ulezi, maharagwe, na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Kila mpita njia aliyetutupia macho, rafiki yetu alimwambia, "Karibu." Wengi walijibu, "Asanteni, tumeshiba," wakaenda zao. Mmoja hakupita. Alinawa mikono, akaketi, akala pamoja nasi, naye hatukumjua jina wala kwao. Tulipomaliza kula, ikawa sasa kuna bei ya watu watatu.

Jambo hilo dogo ndilo lililotutia katika kuzitafuta habari za kale. Mtu akikaribisha kijijini, hukaribisha kwa chakula alichokilima mwenyewe. Mjini hukaribisha kwa chakula cha kununua. Je, ukarimu ni ule ule?

Wazee wa Ufipa husimulia kwamba hapo kale nchi ilikuwa chini ya mfalme wa Milansi. Siku moja alikwenda kuwinda, akamwonya mkewe kwamba wageni watakuja, naye asiwape kigoda chake cha ufalme. Wakaja wanawake watatu kutoka mbali, wakataka kigoda, na yule mke akawapa. Mfalme aliporudi alikuta utawala umekwisha mtoka mkononi. Alibakiwa na Milansi yake na nchi ndogo iliyoizunguka. Sehemu nyingine zote zikawa za ukoo wa wale wageni, walioitwa Watwa, ambao baadaye waligawanyika kuwa falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Hadithi hii iliandikwa na mtaalamu Roy Willis, aliyekaa kati ya Wafipa miaka ya 1960. Wengine huisoma kama onyo. Sisi twaona neno jingine ndani yake: kabila hili, likieleza asili ya ufalme wake, halisemi habari za vita, bali lasema habari za mgeni aliyepewa mahali pa kukaa.

Chakula cha kumpa mgeni hakikupatikana bure. Uwanda wa Ufipa una nyasi nyingi na miti michache, kwa hiyo haikufaa kukata misitu na kuchoma majivu kama walivyofanya jirani zao wengi. Wafipa walikata nyasi, wakazifunika kwa udongo na kufanya matuta ya mviringo, wakapanda maharagwe juu yake; nyasi zilipooza, matuta yakabomolewa na kutandazwa, na ulezi ukapandwa katika udongo ule uliopata nguvu. Ni kazi ya kuinama mchana kutwa. Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland aliyepita huko mwaka 1880, aliwasifu kuwa ni watu wa jembe kuliko makabila yote aliyokuwa ameyaona.

Lakini si wageni wote waliongoja kukaribishwa. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba walifika kutoka kusini, na mfalme wao akafia katika nchi hiyo ya Ufipa karibu na mwaka 1848. Hao walichukua chakula kwa mkuki. Baadaye ikapita misafara ya biashara, ambayo ilinunua posho kwa nguo na shanga. Basi hata kabla ya kuja Wadachi, Mfipa alikwisha kujua njia tatu ambazo chakula humtoka mtu: kupewa mgeni, kuuzwa, na kunyang'anywa. Wadachi walileta kodi ya nyumba mwaka 1898, nayo ilitakiwa kulipwa. Hapo vijana walianza kwenda mbali kutafuta kazi ya mshahara, wakajifunza kula posho ya kupimiwa kwa kibaba, kila mtu na yake.

Kibanda chenyewe cha mama ntilie ni kitu cha juzi. Jina limetokana na mteja asemaye, "Mama, nitilie," akinyosha sahani. Vibanda hivi viliongezeka sana katika mabaya ya miaka ya 1980, mshahara wa mume ulipokuwa hautoshi hata wiki mbili, na wanawake wakatoka na sufuria zao barabarani. Serikali haikuwapenda. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya nguvu kazi, na wengi waliofanya biashara ndogo mijini wakahesabiwa kuwa wazururaji. Walikamatwa, wakarudishwa mashambani. Ilikuwa vigumu kuelewa jinsi mtu aamkaye saa kumi za usiku kuwasha moto anavyoitwa mzururaji! Miaka 35 ilipita, na mwezi wa Desemba 2018 Rais John Magufuli akaanza kugawa vitambulisho vya wafanya biashara wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, ili wasifukuzwe tena.

Turudi kwenye benchi letu. Tulitia mkono mfukoni, lakini rafiki yetu akatuzuia, akasema, "Hapa ni kwetu, ndugu. Nyinyi ni wageni." Tukamwambia kwamba yule mtu wa tatu hakuwa mgeni wa mtu yeyote. Akajibu kwamba yeye ndiye aliyesema "Karibu," tena aliisema kwa sauti. Mtu yule alisimama, akapiga makofi taratibu mara mbili kwa heshima, akaaga. Mama ntilie, aliyekuwa akisikiliza yote huku akisugua sufuria, alipokea fedha, akazihesabu, akarudisha chenji iliyozidi kidogo. Rafiki yetu alipomwonyesha kosa, mama alisema hakukosea; ule ugali wa mwisho ulikuwa ukoko.