Kibanda Hakikuwa Kwenye Ramani

Mwezi jana grupu ya WhatsApp ya mtaa wetu iliitisha kura. Swali lilikuwa fupi: mama mboga anayeuza nje ya geti kuu aondolewe ama aachwe? Mwisho wa kupiga kura ni Jumapili saa sita usiku.

Mtaa wenyewe uko upande wa Kiambu, mahali ambapo zamani kulikuwa na mibuni. Sitautaja jina. Nyumba zote ni za rangi moja, barabara ina njia ya baiskeli, maji hayakatiki, na saa nne usiku unaweza kutembea simu ikiwa mkononi. Nisidanganye, napenda kuishi hapa. Ukilelewa Nairobi unajua thamani ya kutembea bila kugeuka nyuma. Lakini tulipokabidhiwa funguo tulikabidhiwa pia kitabu cha sheria. Usianike nguo kwenye roshani. Usibadilishe rangi ya ukuta. Usifanye biashara yoyote nyumbani. Mgeni aache kitambulisho getini.

Mathe alipokuja mara ya kwanza, soja alinipigia simu. "Boss, kuna mama hapa anasema ni mama yako." Anasema! Alikuwa amesimama hapo dakika ishirini na kiondo cha ndizi. Alipoingia alikunywa chai kimya kimya, akachungulia dirishani, halafu akauliza, "Sasa hapa mnanunua sukuma wapi?"

Swali hilo lilinifanya nianze kusoma kuhusu mitaa iliyochorwa yote kwenye karatasi kabla ya mtu yeyote kuhamia. Mingi ya siku hizi ina deni kwa Mwingereza mmoja, Ebenezer Howard. Hakuwa msanifu majengo. Alikuwa karani wa kunakili hotuba za Bunge. Mwaka 1898 alichapisha kitabu akipendekeza "mji wa bustani": watu kama 32,000 kwenye ekari 6,000, na nyumba, viwanda na mashamba vikiwa karibu karibu. Mji wa kwanza, Letchworth, ulianza 1903.

Mimi nilidhani wazo lake lilikuwa miti na ua. Kumbe kiini kilikuwa ardhi. Howard alitaka ardhi yote iwe ya jamii kwa pamoja, ili mji ukikua na bei ya ploti ikipanda, faida irudi kwa wakazi badala ya kuishia mfukoni mwa mtu mmoja. Wazo lilipoanza kusafiri duniani, miti ilifika na ua ukafika. Sehemu ya ardhi ilibaki njiani.

Nairobi lilifika mapema kuliko unavyofikiria. Katikati ya miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilijenga Kaloleni, kule Makadara: nyumba za mawe za ghorofa moja, nafasi za kijani, ukumbi na uwanja katikati. Mwaka 1948 ukatoka mpango mkuu wa jiji, ulioandikwa na Thornton White, Silberman na Anderson, wataalamu waliotoka Afrika Kusini. Waliligawa jiji katika vitongoji, kila kimoja na shule yake na maduka yake. Kwenye karatasi ni kitu kizuri sana. Lakini Mwafrika wa Kaloleni alikuwa mpangaji tu. Kwa miaka mingi serikali ilikuwa imemchukulia Mwafrika mjini kama mfanyakazi wa kupita, ambaye kwao ni kijijini. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, na ilipoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, mwanamume wa Kiafrika alitembea na karatasi zake ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mji ulikuwa na bustani, ndiyo. Ila kuwemo ndani yake kulitaka uthibitisho.

Marekani nao walikuwa na yao. Mwaka 1947 kampuni ya Levitt ilianza kujenga Levittown karibu na New York, nyumba zaidi ya 17,000 zinazofanana, zikitoka haraka kama magari kiwandani. Huko pia kulikuwa na kitabu cha sheria: hakuna ua wa mbao, na nguo hazianikwi nje wikendi. Niliposoma hapo nilicheka, nikakumbuka roshani yangu. Halafu nikasoma kifungu kingine kilichokuwa kwenye mikataba ya mwanzo, kilichokataza nyumba hizo kukaliwa na mtu asiye Mzungu, isipokuwa mfanyakazi wa nyumbani. Agosti 1957, William na Daisy Myers walipohamia Levittown ya Pennsylvania wakiwa familia ya kwanza ya watu weusi, umati ulikusanyika nje ya nyumba yao na kuwarushia mawe madirishani.

Sisemi mtaa wangu ni Levittown. Hapa mwenye pesa yoyote anaingia. Ninachosema ni kwamba sheria ya nguo na sheria ya watu zimewahi kukaa kwenye mkataba mmoja, zikiitwa kwa jina moja: kulinda thamani ya nyumba.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa ramani. Nilikulia Buruburu. Mtaa huo ulijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa 1980, kwa pesa za serikali na za shirika la Uingereza la Commonwealth Development Corporation. Waliouchora ni Mutiso Menezes International, kampuni ya David Mutiso, yule yule aliyeshirikiana na Karl Henrik Nøstvik kwenye KICC. Mapaa ya vigae vyekundu, nyumba zimezunguka viwanja vidogo ili watoto wacheze bila magari kuwapitia. Ilikuwa ni ndoto ya tabaka la kati la nchi changa: karani, mwalimu, mtu wa benki, kila mmoja na mkopo wake na kinyumba chake.

Baba alikuwa mmoja wa makarani hao. Katikati ya miaka ya 1990, serikali ilipokuwa ikipunguza wafanyakazi, jina lake likawa kwenye orodha. Mkopo haukupungua. Jumamosi moja mathe aliita fundi, wakatoboa ukuta wa mbele, wakaweka dirisha na mbao. Tukaanza kuuza maziwa na mkate, baadaye sukuma, nyanya na mafuta ya kupima. Hilo dirisha ndilo lililonisomesha mpaka kidato cha nne.

Hatukuwa peke yetu. Jirani wa kushoto alifungua saluni. Wa kulia alijenga vyumba vya kupangisha pale palipokuwa na bustani. Leo ukipita Mumias South Road utadhani hakukuwahi kuwa na mpango wowote: maghorofa yamechipuka mbele ya vile vigae vyekundu, maduka, makanisa, mabaa. Na nisipambe mambo. Bomba la maji taka lililowekewa familia moja sasa linahudumia sita, na likipasuka unajua. Uwanja tuliochezea ni maegesho. Majirani waliobaki wana haki ya kulalamika.

Kwa hiyo Jumapili ile, saa tano na nusu usiku, nilikaa na simu nikiwaelewa wale wa "aondolewe". Wengi ni watoto wa Buruburu, Umoja na Donholm kama mimi. Waliona mtaa waliokulia ukijazwa mpaka ukapasuka, wakalipa pesa nyingi ili wasiishi hayo mara mbili. Wanaogopa kwamba leo ni mama mboga mmoja, kesho ni vibanda arobaini. Wameshaona ikitokea.

Lakini mimi nimekula kwenye dirisha ambalo halikuwa kwenye ramani. Nilipiga kura aachwe, halafu kwa mara ya kwanza nikaandika kwenye grupu. Niliandika kuhusu ukuta wetu, na nikapendekeza tujenge soko dogo karibu na geti, lenye maji na choo, kwa sababu mtaa una nafasi ya uwanja wa tenisi ambao hakuna anayecheza. Nilipata vidole gumba vitatu. Mtu mmoja aliandika, "Poleni, lakini sheria ni sheria."

Tulishindwa. Jumatano kibanda hakikuwepo.

Sasa mama mboga anauza kwa simu. Unamtumia pesa, anafika na mifuko imeandikwa namba za nyumba, anaacha kitambulisho, na soja anaandika kwenye daftari: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Wiki jana nilienda kuchukua wangu nikakuta mifuko kumi na minne imepangwa sakafuni. Nilizisoma namba. Mmoja ulikuwa wa yule wa sheria ni sheria, dania ikichungulia juu.