Uchaguzi Mdogo wa Kenya, Mwaka 1966

Wanafunzi wetu wanapokutana na maneno "uchaguzi mdogo" katika magazeti ya Nairobi au Dar es Salaam, hutuuliza udogo huo ni wa nini. Swali lao lina haki. Huku Kongo, kwa sheria ya uchaguzi ya mwaka 2006, mgombea wa Bunge la taifa huandikishwa pamoja na wabadala wawili. Akifariki, mbadala wa kwanza hukalia kiti chake, na mpiga kura haitwi tena. Kenya ilirithi desturi ya Uingereza: kiti kikiwa wazi hurudishwa kwa wananchi wa jimbo lile lile. Uchaguzi huo ni mdogo kwa sababu huhusu jimbo moja, pengine mawili. Lakini mwezi Juni 1966 viti 29 viligombewa kwa mpigo.

Chanzo chake kilikuwa ugomvi ndani ya chama cha KANU. Mwezi Machi, mkutano wa Limuru ulifuta cheo cha makamu wa rais wa chama, alichokuwa nacho Oginga Odinga, ukaweka makamu wanane wa mikoa. Mwezi Aprili Odinga alijiuzulu pia umakamu wa rais wa nchi, akaongoza chama kipya cha KPU, na wabunge kadhaa wakamfuata. Serikali ya Jomo Kenyatta haikukawia. Kabla Aprili haijaisha Katiba ilirekebishwa: mbunge aliyekihama chama kilichomdhamini alipoteza kiti. Baadhi ya waliohama walitaka kurudi. Mlango ulikuwa umekwisha kufungwa.

Inafaa kuichunguza lugha ya rekebisho hilo. Mwaka 1964 chama cha KADU kilijivunja, na wabunge wake wakaingia KANU bila kupigiwa kura upya. Sheria ya 1966 haikuwagusa, kwani iliwahusu wale tu ambao chama walichokiacha kilikuwa kingali hai bungeni. Kuhama ni kuhama, angesema mwanaisimu. Mtunga sheria alijua kutofautisha.

KANU ilipata viti 20, KPU 9: saba katika Baraza la Wawakilishi na viwili katika Seneti. Hata hivyo, kwa jumla ya kura KPU ndiyo iliyotangulia, maana kura zake zilirundikana mno Nyanza. Odinga alishinda Bondo. Bildad Kaggia, aliyehukumiwa pamoja na Kenyatta katika kesi ya Kapenguria, alishindwa Kandara. Achieng Oneko, mshtakiwa mwenzao, alishindwa Nakuru. Kwetu sisi, habari ya watu hao wawili ndiyo nzito kuliko hesabu yote.

Oktoba 1969 KPU ilipigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini. Desemba mwaka huo ulifanyika uchaguzi mkuu wa wagombea wa KANU pekee, na Bondo ikapata mbunge mwingine.