Mji, Taifa na Kabila katika Ushairi wa Mvita

Suali la "Mswahili ni nani?" limewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu. Carol Eastman alilijadili katika makala yake ya mwaka 1971, na Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff wakalirejea kwa kitabu kizima mwaka 1994. Wanahistoria wamelitafutia jibu katika magofu, nasaba na hati za serikali, nao wanaisimu wakalitafuta katika lahaja. Ushairi aghalabu huitwa shahidi wa mwisho, na hata hapo huulizwa jambo ambalo haukutungiwa: mtunzi huyu alikuwa wa kabila gani? Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba katika ushairi wa Mombasa mtu alijitambulisha kwa mji wake kabla ya kitu kingine chochote, na kwamba kabila, kama lilivyoandikwa katika daftari za ukoloni, lilikuja baadaye likazifunika tungo hizo kwa maana isiyokuwa yake.

Shahidi wa kwanza ni Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa baina ya mwaka 1776 hivi na 1840. Tungo zake zilihifadhiwa kwa kumbukumbu za wenyeji, hasa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyemsaidia mmishenari W. E. Taylor kuzikusanya. William Hichens alizichapisha mwaka 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akazichambua kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1979. Muyaka aliishi wakati Mazrui wakiitawala Mombasa, na mengi katika tungo zake yanahusu ugomvi wa Mombasa na Lamu, ambao ulifikia kilele katika vita vya Shela mwanzoni mwa miaka ya 1810. Kwa upande wa Lamu alijibiwa na Zahidi Mngumi, naye akiwa kiongozi na mtunzi.

Ni vyema kuyatazama makundi yaliyopigana Shela. Pate na Lamu ni majirani katika visiwa vimoja, na lahaja zao zinakaribiana mno kuliko zinavyokaribiana na Kimvita. Hata hivyo Pate ilisimama na Mombasa dhidi ya Lamu. Baada ya kushinda, watu wa Lamu waliomba himaya ya Seyyid Said wa Omani. Naye, kama Mazrui waliokuwa mahasimu wake, asili yake ilikuwa Omani. Muyaka alikuwa upande wa Mazrui. Lau utambulisho wa zama hizo ungalijengwa juu ya kabila, au juu ya Uarabu na Uafrika, vita hivyo vingalikuwa kitendawili. Pande zote mbili zilikuwa na dini moja, zilitumia bahari moja ya mashairi, na zilifahamiana vya kutosha hata kejeli ya huku ikamchoma wa kule. Kilichowatenga ni miji yao. Ndiyo maana Mombasa katika ushairi si mahali tu. Ni mji wenye majina yake ya heshima, Mvita na Gongwa, na wenye waasisi wanaotajwa katika mapokeo, Mwana Mkisi na Shehe Mvita.

Mfumo wa jamii unathibitisha jambo hilo. Wenyeji wa Mombasa walijipanga katika Thenashara Taifa. Tisa Taifa walikuwa Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Thelatha Taifa walikuwa Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Mengi ya majina haya ni majina ya mahali. Taifa, kwa maana hiyo ya kale, lilikuwa kumbukumbu ya mji uliohamwa, iliyohifadhiwa ndani ya mji uliohamiwa. Isitoshe, mataifa haya yalikuwa na mafungamano ya kudumu na jumuiya za Mijikenda, katika biashara, katika ulinzi na katika kuamua mambo ya mji. Neno "kabila" halikuwa geni pwani, lakini halikuwa na ule mpaka mkali uliokuja kuchorwa baadaye.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba utambulisho wa mji ulikuwa mlango ulio wazi kwa kila mtu. Mji ulikuwa wa waungwana. Mtumwa aliishi ndani ya kuta zile zile, akalima mashamba ya mji na kusema lugha yake, lakini fahari iliyoimbwa haikuwa yake. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, yaani zaidi ya nusu karne baada ya Muyaka kufariki. Msomaji anayezisifu tungo za mji kwa kutokuwa na ukabila hana budi kukumbuka kwamba zilikuwa na tabaka.

Utawala wa Kiingereza, uliotangaza himaya yake mwaka 1895, ulitaka kujua nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji, kwani kodi, mahakama na baadaye kura vilitegemea jibu hilo. Mwarabu aliwekwa upande mmoja na Mwafrika upande wa pili. Mswahili akawa hana pa kukaa. Historia ya Ahmed Idha Salim, iliyochapishwa mwaka 1973, inaeleza jinsi Thenashara Taifa walivyohangaika katika miaka ya 1920, Waarabu walipopata haki ya uwakilishi katika Baraza la Kutunga Sheria na wao wakaachwa nje. Watu ambao babu zao waliridhika kuitwa wa Mvita sasa walilazimika kutafuta ushahidi wa nasaba. Ni katika mazingira haya ndipo ushairi wao ulipoanza kusomwa ama kama mali ya Waarabu, ama kama mali isiyo na mwenyewe.

Pigo jingine lilikuwa la lugha. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita kikabaki lahaja ya nyumbani na ya ushairi. Kwa hiyo Abdilatif Abdalla alipochapisha Sauti ya Dhiki mwaka 1973, matumizi yake ya Kimvita hayakuwa pambo. Tungo hizo alizitunga gerezani, alikofungwa baina ya 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Hoja yake ilikuwa ya nchi nzima, na ulimi wake ulikuwa wa mji wake. Taifa la kale na taifa jipya yalikutana katika diwani moja, wala hakuna lililolifuta jenzake.

Mjadala wa vina na mizani uliozuka katika miaka hiyo nao ulibeba suali hili, ingawa ulionekana kuwa wa kanuni tu. Waliotetea arudhi walihofia kwamba ushairi ungenyang'anywa wenyewe. Waliotunga kwa mtindo huru walikataa kuambiwa kwamba si wenyewe. Ibrahim Noor Shariff aliita kitabu chake cha mwaka 1988 Tungo Zetu, na neno la pili la anwani hiyo linatosha kuonyesha uzito wa jambo. Lakini zitazamwe anwani nyingine za kipindi hicho: Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir (1971), Malenga wa Bara ya K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi (1976), Malenga wa Vumba ya Boukheit Amana (1982), na Malenga wa Ziwa Kuu ya Wallah bin Wallah (1988). Wa pwani na wa bara, wa kanuni na wa mtindo huru, walipojitambulisha hawakutaja kabila. Walitaja mji, nchi na maji, kwa desturi ile ile ya mataifa ya Mombasa.

Basi mwalimu anayemsomesha Muyaka darasani hana haja ya kuanza kwa kuamua kama alikuwa Mwarabu au Mwafrika. Nisba ya al-Ghassaniy iliyomo katika anwani ya toleo la 1940 ni sehemu ya habari zake, lakini haielezi kwa nini aliichukia Lamu wala kwa nini aliipenda Mvita. Aanze na mji: nani aliutawala, nani aliutetea, nani aliruhusiwa kuuita wake na nani alinyimwa. Masuali hayo yana majibu ndani ya tungo zenyewe.