Kadi ya michoro inapokataliwa na programu ya kuhariri video: mambo ya kukagua kabla ya kununua nyingine

Miezi ya kiangazi ni msimu wa harusi mjini Bujumbura, na harusi siku hizi haikamiliki bila video. Mhariri aliyekwisha kumwahidi mteja siku ya kukabidhi kazi hupata mashaka makubwa pale programu inapojifunga ghafla, inapoonyesha kioo cheusi, au inapotangaza kuwa haikuiona kadi ya michoro. Wengi hukimbilia kutafuta kadi nyingine, ambayo aghalabu huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Lakini mara nyingi kadi yenyewe ni nzima. Kilichoharibika ni maelewano kati yake na programu.

Kwa nini hutokea

Kadi ya michoro hufanya hesabu nyingi ndogo kwa wakati mmoja, na ndiyo maana programu kama DaVinci Resolve na Adobe Premiere Pro huitegemea katika kurekebisha rangi na kuweka madoido. Mawasiliano hayo hupitia mifumo maalumu: CUDA, uliotolewa mwaka 2007, hutumika kwenye kadi za Nvidia pekee, OpenCL hutumiwa pia na kadi za AMD na Intel, Metal ni wa kompyuta za Apple. Kati ya kadi na mfumo wa kompyuta yupo mkalimani, yaani programu endeshi, ambayo waliozoea Kifaransa huiita piloti. Mkalimani akipitwa na wakati, pande mbili hazisikilizani.

Hatua za kufuata

Kwanza, hifadhi nakala ya mradi kwenye diski ya nje. Kisha zima matumizi ya kadi kwa muda. Katika Premiere Pro, mipangilio ya mradi humruhusu mtumiaji kuchagua kichakato kikuu pekee. Kazi itakwenda polepole, lakini ikiwa hitilafu imetoweka, chanzo kiko upande wa kadi. Ikiwa bado ipo, chunguza faili za video au programu yenyewe.

Pili, tambua jina kamili la kadi. Katika Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kisha fungua sehemu ya utendaji. Linganisha jina hilo na mahitaji yaliyotajwa na mtengenezaji wa programu. Hatua hii ni muhimu zaidi kwa kompyuta zilizokwisha kutumika. Kadi za Nvidia za kizazi cha Kepler, kwa mfano, ziliachwa nje ya programu endeshi mpya mwaka 2021. Mwenye kadi ya aina hiyo hana budi kubaki na toleo la zamani la programu ya kuhariri.

Tatu, sasisha programu endeshi kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kadi. Nvidia hutoa aina mbili. Ile iitwayo Studio ndiyo iliyokusudiwa kazi za ubunifu. Chagua usakinishaji safi, unaofuta mipangilio ya zamani. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mfumo unaweza kuharibika; hakikisha betri imejaa au tumia kifaa cha kuhifadhi umeme. Ikiwa matatizo yalianza mara tu baada ya kusasisha, rudisha toleo lililotangulia.

Nne, kompyuta nyingi za mkononi zina kadi mbili: ndogo ya kuokoa umeme na kubwa ya kazi nzito. Katika mipangilio ya michoro ya Windows, elekeza programu yako itumie ile yenye uwezo mkubwa, na uichomeke kompyuta kwenye umeme.

Tano, ukionywa kuwa kumbukumbu ya kadi imejaa, punguza ukubwa wa picha wakati wa kuhariri. Picha ya 3840 kwa 2160 ina nukta mara 4 ya ile ya 1920 kwa 1080. Unaweza pia kutengeneza nakala nyepesi za video, kisha urejee kwenye zile halisi wakati wa kutoa kazi ya mwisho.

Tatizo likiwa kwenye faili

Baadhi ya kamera hurekodi HEVC yenye biti 10 na mpangilio wa rangi wa 4:2:2. Kadi za GeForce zilizotangulia kizazi cha RTX 50 cha mwaka 2025 haziwezi kuifungua video hiyo zenyewe, hata zikiwa na nguvu kiasi gani. Hapo dawa ni kuigeuza video kuwa ProRes au DNxHR kabla ya kuanza, ingawa faili zitachukua nafasi kubwa zaidi.

Mwisho, usibadilishe toleo la programu wala programu endeshi ukiwa katikati ya mradi. Kabidhi kwanza kazi ya mteja, ndipo ujaribu mapya.